Ripoti ya ukaguzi imetukatisha tamaa, tununue hii nyumba au tuachane nayo?

SWALI: Shikamoo injinia. Mimi na mume wangu tumepata nyumba Goba, vyumba 3, kiwanja mita za mraba 620, wanataka milioni 135. Akiba yetu ni milioni 60 na saccos wametukubalia milioni 75. Tukampeleka injinia akaikagua na mpima akaangalia mipaka, vyote vimetutoka laki 6 na nusu. Ripoti imekuja kurasa 14 na karibu kila ukurasa una ubaya wake: ufa kona ya nyuma, juu milimita 7 chini 3, chumvi ukutani vyumba viwili, nondo zimetokeza kwenye slabu ya paking, mchwa kwenye kenchi, karo lipo mita 2 kutoka ukuta wa nyuma, fensi ya mbele imeingia barabarani mita 1.4. Makadirio ya matengenezo milioni 25 mpaka 30. Mume wangu anasema tuachane nayo. Mimi roho inaniuma, nimeipenda hadi mwembe wa uani. Dalali anasema nyufa ni za kawaida, na nyumba inaweza kupandishwa ghorofa huko mbele, ila kuna mteja mwingine anakuja Jumatatu kwahiyo tutoe advansi ya milioni 10. Wauzaji ni watu wazuri tu, ni watoto wa marehemu, hati bado ina jina la baba yao na mama yao yupo chumba cha uani mpaka watakapohama. Tufanyeje?

JIBU:

Marahaba dada, na poleni sana na hizo kurasa 14. Nakagua nyumba za watu mwaka wa 19 huu na sijawahi kuona ripoti ya ukaguzi iliyoandikwa ikawa tamu. Mkaguzi analipwa kutafuta ubovu, na akiacha kitu halafu kikaja kuharibika mtamrudia yeye, kwahiyo anaandika kila anachokiona, bawaba iliyolegea inakaa ukurasa mmoja na ufa wa msingi na zote zinapewa maneno yaleyale ya "inashauriwa uchunguzi zaidi ufanyike". Ukiisoma kwa mpigo mmoja usiku umechoka unaona nyumba inaanguka kesho asubuhi. Kwahiyo mume wako namuelewa kabisa, na wewe pia nakuelewa.

Ila usishushe pumzi bado, maana kwenye ujumbe wako kuna kitu kimenishtua kuliko ufa, na wewe umekitaja mwishoni kabisa kama vile unaaga. Nitakifikia.

Kitu cha kwanza kabisa fanya leo hii ni kumpigia simu huyo injinia aliyekagua. Watu wengi wakishapewa ripoti wanaifungia kwenye droo au wanaituma kwa shemeji anayejua ujenzi, ila mwenyewe aliyeingia darini hawamuulizi. Muulize, kati ya yote uliyoandika kipi hasa kinakunyima raha? Ungekuwa unanunua wewe kwa hela yako ungefanyaje? Halafu muulize na hili ambalo watu wanalisahau, ni wapi hukuweza kuingia au kuona? Stoo iliyofungwa, kabati lililosimamishwa mbele ya ukuta, sehemu ya dari ambayo ngazi haikufika. Kwenye karatasi ni mwoga kwasababu amesaini, lakini kwenye simu, kwa mtu aliyemlipa vizuri, mara nyingi anafunguka na dakika 10 tu zinakuonyesha kipi ni kikubwa na kipi ni cha kujazia kurasa.

Sasa tuje kwenye ufa, maana ndio uliowatisha.

Ufa wa nyumba unauliza mambo mawili, upana wake na kama bado unatembea. Chini ya milimita 1 mara nyingi ni plasta tu, nyumba zote zinazo. Mpaka milimita 5 hivi unazibika na maisha yanaendelea. Kuanzia 5 mpaka 15 hapo ukuta wenyewe unataka kufunguliwa na kufungwa upya, na utakuta milango na madirisha ya upande huo yameanza kugoma kufunga. Zaidi ya hapo ndio tunaanza kuongelea kubomoa kipande cha nyumba. Wa kwenu wa 7 umeingia kundi la kati kwa chini, sio wa kuudharau kama dalali anavyotaka, na sio wa kukimbia pia.

Umbo lake ndilo linanipa habari zaidi. Ufa mpana juu mwembamba chini, tena uko kwenye kona, maana yake kona ile imeshuka na inajivuta kutoka kwenye nyumba iliyobaki, ingekuwa katikati ya ukuta ndio pameshuka ufa ungekuwa mpana chini. Kwahiyo swali linakuwa, kwanini kona ile tu ndio imeshuka na tatu zimetulia? Na hapo sasa soma ripoti yako tena ukiweka vidole viwili, kimoja kwenye ufa kimoja kwenye karo. Ufa upo kona ya nyuma. Karo lipo mita 2 kutoka ukuta wa nyuma. Ripoti imeviandika kurasa tofauti kama vitu viwili ambavyo havijuani, mimi naviona ni kitu kimoja. Karo la zamani lisilojengewa vizuri linavujisha maji masaa 24, udongo unaloa, kama ni wa mfinyanzi unavimba masika na kusinyaa kiangazi, kama ni kichanga chembe zinahama taratibu na maji, na vyovyote vile msingi wa juu yake unakosa pa kusimama. Ongeza na bati lisilokuwa na gata, maji ya paa zima yanamwagika palepale chini ya ukuta. Hukuniambia kama gata zipo, angalia.

Nimekwambia hivi kwasababu ni habari njema zaidi kuliko inavyosikika. Kona iliyoshuka kwasababu ya maji, ukiondoa maji mara nyingi inatulia. Mwaka 2011 nyumba ya baba mkubwa wangu Mbagala ilipasuka kona namna hiyo, ndugu wakataka kuuza haraka kabla haijaanguka, tukafukua tukakuta chemba imepasuka inamwaga pembeni ya msingi. Tukajenga chemba mpya, tukaweka gata, tukaacha ufa wazi mwaka mzima bila kuuziba tukiupima tu, haukusogea hata nusu milimita, ndio tukauziba. Familia inaishi humo mpaka leo. Sisemi na yenu ni lazima iwe hivyo, nasema ndio kitu cha kwanza cha kuhakikisha na kuhakikisha kwake sio gharama.

Unahakikisha hivi. Omba ruhusa ya kuchimba shimo moja pembeni ya ile kona, mita 1 kwa mita 1, mpaka chini ya msingi. Ni kazi ya vijana wawili siku moja. Injinia wako asimame juu ya shimo aangalie msingi umeenda chini kiasi gani, kuna zege la chini au mawe yamepangwa tu juu ya udongo, udongo ni wa aina gani, umeloa kiasi gani, unanuka au haunuki. Akikuta udongo wa kona ile umeloa na unanuka choo wakati kona ya mbele ni mkavu, jibu umepata. Akikuta udongo mkavu na mgumu kote na ufa bado upo, hapo pananitia wasiwasi zaidi maana sababu itakuwa kubwa kuliko karo, inawezekana eneo lilijazwa kifusi kabla ya kujenga, na nyumba iliyosimama juu ya kifusi haina mwisho wa kushuka unaoweza kuutabiri.

Pamoja na shimo, weka alama kwenye ufa wenyewe. Chora kwa penseli pale ufa unapoishia juu na chini, andika tarehe, halafu paka vipande viwili vya jipsamu nyembamba vikatize ufa. Jipsamu haivutiki, ukuta ukitembea kidogo tu inakatika. Kwa haki yake inatakiwa iachwe miezi kadhaa ikipita na msimu wa mvua, najua wewe huna miezi hiyo, lakini hata wiki 4 za mvua zinaongea. Tena angalia ndani ya ufa kwa tochi. Kama una vumbi, utando wa buibui na rangi ya zamani imeingia ndani, ni wa siku nyingi. Kama kingo ni kali na safi, ni wa juzi. Na pita mkono ukutani uone kama kuna mahali umeshawahi kuzibwa ukapasuka tena palepale, hiyo ndio dalili nisiyoipenda kuliko zote.

Muuzaji akikataa shimo, mkiwa mmeahidi kulifukia na kushindilia vizuri, basi dada mshukuru muondoke. Mtu anayeuza kitu cha milioni 135 na anakataa kichimbwe shimo la siku moja, anajua kilichopo chini.

Chumvi ukutani isikunyime usingizi. Nyumba nyingi za Dar zinayo. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali kwasababu nailoni ya chini haikuwekwa au ilitoboka wakati wa kumwaga jamvi, au mchanga uliotumika ulikuwa na chumvi, au, na hii naiona sana, mwenye nyumba alipendezesha uwanja kwa pevingi mwaka hadi mwaka mpaka nje pakawa juu kuliko sakafu ya ndani. Tembea nje uangalie, ardhi inatakiwa iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 angalau. Kutibu ni kushusha udongo wa nje, kubandua plasta mpaka juu kidogo ya pale chumvi ilipofika, kuacha ukuta ukauke kwelikweli hata mwezi, ndio upige plasta mpya. Kinachoshindikana ni kupaka rangi juu yake. Kama kuna ukuta mmoja tu una rangi mpya na nyingine ni za zamani, huo ndio wa kuuangalia kwa makini.

Slabu ya paking nayo nondo zimetokeza kwasababu walioimwaga hawakuweka biskuti za kuzinyanyua, zikalala chini kabisa na zege lililozifunika likawa jembamba, unyevu ukaingia, kutu ikaanza, na kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe kwahiyo inalipasua zege kutoka ndani. Gonga kwa nyundo ndogo uso wa chini wa slabu, panapolia kama debe tupu zege limeshaachana na nondo. Kwakuwa ni paking na haijabeba nyumba, mimi ningeibomoa tu na kuezeka bati. Msipaki gari chini yake wala watoto wasicheze hapo mpaka ishushwe. Mchwa ni dawa na kubadilisha mbao zilizoliwa, fundi mzuri anamaliza ndani ya wiki.

Ila hilo la dalali la kupandisha ghorofa sitalipita hivihivi. Nyumba ambayo kona yake imeshuka ikiwa ya chini haibebi ghorofa, na dalali asiyejua msingi una kina gani hana haki ya kuwaambia hayo. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji hapa Dar lilianguka likaua watu 36, na tangu siku ile mtu akiniambia "itabeba tu" bila mahesabu mbele yake mimi namnyamazisha. Kama ghorofa ilikuwa sehemu ya sababu za kuitaka hii nyumba, ifute kwenye hesabu. Mnanunua vyumba 3 vya chini, basi.

Fensi ya mbele imeingia barabarani mita 1.4. Fikirieni kama tayari imebomolewa. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, siku wakija kuipanua hakuna atakayekulipa kwa kilichojengwa nje ya bikoni zako, yaani zile alama za mipaka ya kiwanja, na kusema fensi ina miaka 15 hakusaidii. Watu wa Kimara mpaka Kiluvya mwaka 2017 walibomolewa nyumba nzima pembeni ya barabara ya Morogoro, wengine walikaa miaka mingi na umeme na maji walivutiwa. Kwahiyo gharama ya kujenga fensi mpya ndani ya bikoni inahamia kwenye bei, na mwombe mpima akuonyeshe kwa macho yako bikoni zote 4, uzishike, uzipige picha. Halafu mita za mraba 620, je ni za kwenye hati au ni za kupima mpaka kwenye fensi? Hapo napo kuna hela.

Na nendeni mkaione siku ya mvua. Nilikuwa na mteja mmoja, ripoti ya nyumba yake ilikuwa safi kabisa, tuliikagua mwezi wa 8 jua kali, sikuuliza majirani nikaangalia kuta tu. Machi ikafika maji yakaingia sebuleni mpaka kwenye magoti. Nyumba haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa mahali ilipokaa, na mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia. Toka hapo siandiki ripoti kabla sijaongea na jirani wa juu, jirani wa chini na mama muuza mihogo wa hapo kona. Na kama kuna mto au mkondo karibu, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60, msilichukulie kirahisi kwasababu majirani nao wamejenga.

Haya. Sasa kile nilichosema nitakifikia.

"Hati bado ina jina la baba yao na mama yao yupo chumba cha uani." Dada, ufa una dawa, karo lina dawa, mchwa ana dawa. Mkinunua kwa mtu ambaye hana mamlaka ya kuuza, hakuna fundi wa kuwasaidia, mtatumia miaka mahakamani huku mkirudisha mkopo wa saccos kila mwezi. Na mkaguzi hakuandika kwasababu sio kazi yake, yeye aliitwa kuangalia kuta.

Mtu akifariki nyumba yake haiwi ya watoto kwa kukubaliana sebuleni. Anatakiwa awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, muhtasari wake unapelekwa mahakamani, na mahakama ndiyo inateua. Wengi watakuonyesha ule muhtasari wenye mihuri ya serikali ya mtaa na kukwambia ndio ruhusa ya kuuza. Sio. Mnataka kuona barua ya uteuzi yenye namba ya shauri, na wakili wenu, sio wakili wao, aende mahakama hiyohiyo aione kwenye jalada na aangalie kama kuna pingamizi. Baada ya hapo msimamizi anatakiwa aingizwe kwenye rejista ya ardhi badala ya marehemu, ndio yeye sasa anaweza kuwahamishia ninyi. Wakili afanye pia sechi, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi, aone kama hati ni hiyo kweli, kama haina mkopo wa benki, kama hakuna aliyeweka zuio, na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Hati mkononi bila sechi ni karatasi, hata iwe na mhuri mwekundu.

Na mama. Mama ndiye mtu wa kwanza kwenye hii biashara na hakuna aliyemtaja ila wewe, kwa bahati. Inawezekana nyumba walichuma pamoja na mume wake, kwahiyo ana haki yake mle ndani kabla hata ya urithi. Na warithi wengine je, wako wangapi, kuna watoto wa mama mwingine, kuna aliye nje ya nchi? Watu wazuri sikatai, mimi nimeona watu wazuri sana wakiuza nyumba na dada yao aliyeko Mwanza hana habari, kisha dada akaja na zuio na mnunuzi amekwama na nyumba aliyokwisha kuipaka rangi.

Tukija kwenye hela. Umesema akiba 60 na saccos 75, jumla 135, na nyumba ni 135. Maana yake siku mnakabidhiwa funguo mfukoni mna sifuri na kona inashuka. Kwahiyo hata kama ripoti ingekuwa nzuri bei hiyo haikuwafaa. Makadirio yenu yanafika 30, mimi naongeza 20% maana ukifungua ukuta wa zamani unakuta mengine, tuseme 36. Mkitaka kufanya yote kwa mpigo mmoja, bei inatakiwa iwe kama 99. Lakini yote sio ya haraka. Karo na gata, kona ya nyuma na fensi ndio vya mwaka wa kwanza, hivyo kwa namna nionavyo vinaweza kula 21 hadi 22. Chumvi na rangi mnaweza kuishi navyo mwaka wa pili. Kuna ushuru wa stempu 1% na wakili na mambo madogo ya uhamisho. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, msikubali isukumwe kwenu chinichini kwenye mkataba. Ukijumlisha hivyo unaona kikomo chenu ni 110. Mimi ningeanza na 98, ripoti mezani, ukurasa kwa ukurasa, bila kelele, na 110 ikivuka ningenyanyuka. Sio kwasababu nyumba haina thamani zaidi, inawezekana ipo na mtu mwenye hela zake ainunue, ila ninyi mkiipata kwa 120 mtakuwa mmenunua ufa msioweza kuutibu.

Na kona yenyewe kazi isifanywe na fundi wa kuokoteza. Kushika msingi kwa chini kunafanywa vipande vifupi vya kama mita 1, kimoja kinachimbwa kinamwagwa zege kinakauka ndio mnaruka kwenda kingine. Fundi akifukua ukuta mzima kwa siku moja ili amalize haraka anawaangushia kona. Tena anzeni na karo, subirini, pimeni. Ikitulia yenyewe hiyo kazi huenda msiihitaji kabisa na hela ikabaki.

Advansi ya milioni 10 msitoe. Mteja wa Jumatatu yupo kwenye kila nyumba niliyowahi kuikagua. Na kama yupo kweli akainunua bila kuangalia mirathi, mwacheni. Mkitaka kuonyesha nia, wakili aandike makubaliano mafupi kwamba mnaweka kiasi kidogo, kinakaa kwenye akaunti ya wakili, na kinarudi chote kama shimo, sechi au mahakama ikileta jibu baya. Asiyekubali hilo hakuwa anauza, alikuwa anatafuta milioni 10. Na hizo laki 6 na nusu mlizotoa kwenye ripoti zisiwasukume mnunue eti zisipotee. Zimeshafanya kazi yake, bila hizo mngekuwa mmelipa 135 na kulala usingizi mpaka masika.

Unanitaka niseme tununue au tuache. Kwa nilivyosoma, nyumba yenyewe siikatai, ufa una sababu inayoonekana na sababu hiyo inatibika, na mwembe usiukate ila muulize injinia mizizi yake imefika wapi kama upo karibu na kona ile. Mume wako yuko sahihi kwamba kwa milioni 135 ni hapana. Wewe uko sahihi kwamba haijafika mahali pa kuiacha. Kilichobaki kinategemea wale watoto wa marehemu wana karatasi gani.

Kwahiyo Jumamosi nendeni wawili, bila dalali. Msianze na ufa. Bebeni sukari kilo mbili mkaingie chumba cha uani mumsalimie yule mama, mkae, mumuulize ameishi hapo tangu lini, karo lilijengwa mwaka gani, kona ile ilianza kupasuka lini, maji ya mvua yanapita wapi. Atawaambia mengi kuliko ripoti maana nyumba ni yake. Halafu mumuulize kwa upole yeye atahamia wapi wakishauza. Akiwajibu kwa utulivu, anajua bei, anajua mgao, anajua anakoenda, mpigieni wakili Jumatatu asubuhi na vijana wa kuchimba wajiandae. Akishangaa, akiuliza "nani kasema nyumba inauzwa?", muageni vizuri mrudi nyumbani, hata hiyo jipsamu msihangaike kuipaka.